Deraya ya Mwanangu



Kazi yangu katika kamati ya msikiti wetu hapa Morogoro ni ukatibu. Kwa miaka sita nimekuwa mtu wa mihutasari: waliohudhuria, waliotoa udhuru, yatokanayo na kikao kilichopita, maazimio. Uandishi wa namna hiyo humzoeza mtu kuuficha moyo wake nyuma ya namba za ajenda. Wiki hii nimeomba nafasi katika ukurasa huu wa familia niandike jambo ambalo lilianza bila ajenda yoyote, ingawa mwishowe lilifika hata mezani kwa kamati. Ni habari ya deraya niliyomtengenezea mwanangu kwa mkono wangu, kwa maboksi, sponji na ndala kuukuu.

Mwanangu huyo ni wa pili kuzaliwa, na ana selimundu. Wenye kuujua ugonjwa huu majumbani mwao hawahitaji maelezo. Kwa wengine nitasema kwa ufupi kwamba chembe nyekundu za damu, ambazo kwa mtu mzima wa afya ni za mviringo na laini, kwake hujipinda kama mundu na kuwa ngumu. Chembe ya kawaida huishi takriban siku 120. Ya kwake huishi siku 10 hadi 20. Zikijipinda kwa wingi hunasa katika mishipa midogo, damu ikashindwa kupita, na hapo huja maumivu ambayo sitajaribu kuyaeleza, kwa kuwa mimi sijapata kuyaonja. Nimeyasikia tu, saa nane za usiku, kutoka chumba cha pili.

Mwaka jana, mwanzoni mwa Aprili, masika yakiwa yameshika, alirejea kutoka shule amelowa chapachapa. Alikuwa na miaka minane. Usiku ule ule miguu na kifua vikamshika, na alfajiri tukawa wodini. Siku ya tano maumivu yalipotulia, alimwona mtoto wa kitanda cha jirani ana daftari lenye picha ya Iron Man, yule mtu wa filamu anayevaa chuma chekundu na cha dhahabu mwili mzima. Akalitazama daftari lile kwa muda mrefu, kisha akaniambia, "Baba, tukirudi nyumbani unitengenezee ile."

Nilimjibu jibu nililolibeba tayari kutoka chuoni. Nilimwambia kwamba sisi Waislamu tunao mashujaa wetu: yuko Hamza, yuko Khalid bin Walid, yuko Salahuddin, na kwamba hao wa katuni ni watu wa kubuni wasiokuwa na faida kwetu. Hakubisha. Aligeuka upande wa ukuta, mkono wenye dripu ukibaki upande wangu. Baada ya muda akasema, bila kugeuka, "Lakini baba, huyu anaumwa. Kifua chake ni kibovu. Asipovaa ile atakufa."

Nilikuwa na shahada ya chuo cha Kiislamu, na sikuwa na neno la kumjibu.

Aliijua hadithi ile kwa mjomba wake, aliyemwonyesha filamu iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Tuliporudi nyumbani, baada ya swala ya Isha, nikaitazama peke yangu ili nijue kilichomgusa. Nilikuta mengi ambayo sipendi yaingie nyumbani kwangu, na sikupenda kuona wanaume wenye bunduki wakipewa sura na mavazi ya watu wa upande wetu. Lakini kiini cha kisa nilikielewa. Mtu huyo, Tony Stark, ni mtengenezaji wa silaha. Katika kitabu cha katuni alimotokea mara ya kwanza, mwaka 1963, hujeruhiwa Vietnam. Katika filamu ya mwaka 2008 hujeruhiwa Afghanistan, tena kwa bomu lililotengenezwa na kampuni yake mwenyewe. Vipande vya chuma hubaki kifuani vikiuelekea moyo. Mateka mwenzake, daktari aitwaye Yinsen, humtilia sumaku kifuani ivizuie vile vipande visifike moyoni, na kwanza huiendesha kwa betri ya gari. Ile taa inayong'aa kifuani, ambayo mimi niliidhania pambo, ndiyo inayomweka hai. Na deraya ya kwanza hutengenezwa na wafungwa wawili pangoni, kwa mabaki ya mabomu.

Basi mwanangu hakupenda nguvu za mtu yule. Alimpenda kwa sababu ni mgonjwa aliyetoka kitandani.

Hata hivyo moyo wangu haukutulia, nikaenda kwa imamu wetu baada ya Alasiri. Nilimwuliza kama mwuliza fat'wa: mavazi ya shujaa wa kubuni, kofia yenye sura, mtoto wa Kiislamu. Shekhe ni mtu mzima sana, na mambo haya hayamtishi. Alinikumbusha Hadithi iliyomo katika Sunan Abi Dawud, ya Mama Aisha (r.a.) na vinyago vyake vya kuchezea, namna Mtume (s.a.w.) alivyomwona kati yake farasi wa matambara mwenye mbawa mbili, akamwuliza habari za farasi mwenye mbawa, naye akamtolea hoja ya farasi wa Nabii Sulaiman (a.s.), Mtume akacheka mpaka meno yake yakaonekana. "Hakumvunjia farasi wake," alisema Shekhe. Kisha akaniwekea masharti matatu: isiwe israfu, isimcheleweshe swala, na mtoto asifundishwe kwamba kuna nguvu ya kuokoa isiyokuwa ya Allah. Nikainuka. Akaniita tena. "Sharti la nne ni langu mimi, halimo kitabuni. Usimpe fundi. Mtengenezee wewe."

Nililielewa, na liliniuma. Shekhe huniona msikitini kila siku, asubuhi hadi usiku, na anajua saa ambazo siko nyumbani.

Deraya ya kwanza niliitengeneza Jumamosi moja, kati ya kikao cha kamati na dhifa ya ndoa. Nilichukua boksi la televisheni la jirani, nikakata kifua na mgongo, nikavifunga kwa tepu pana. Ili ifanane na chuma nilikata bati la kopo la mafuta ya kupikia nikaligandisha mbele. Sikupima chochote, nilimkadiria kwa macho. Mtoto aliivaa kwa furaha ambayo hata sasa inanitia haya. Mikono haikuweza kushuka. Kingo za boksi zilimkwaruza makwapani. Jua lilikuwa kali, na ndani ya boksi lile hapakuwa na pa kupitia hewa. Hazikupita dakika kumi, jasho likawa linamtiririka usoni, naye anasema, "Iko sawa, baba, iko sawa," asije akaniudhi nikaghairi.

Mama yake alitoka na kikombe cha maji, akamvua bila kusema neno, akamnywesha. Kwa mtoto wa selimundu, kupungukiwa maji mwilini si jambo dogo: chembe zikikosa maji ndipo zinapojipinda. Mtoto alipoingia ndani, mama yake akanigeukia. Yeye ni fundi cherehani. Wanawake wa mtaa mzima huvaa Idi kwa mkono wake.

"Baba watoto, umempima lini huyu mtoto?"

"Nimemkadiria kwa macho."

"Macho yapi? Yale ya kikaoni?"

Usiku ule sikulala mapema. Nilifungua Surat Sabai, mahali Mwenyezi Mungu anapotaja fadhila alizompa Nabii Daud (a.s.): kwamba alimlainishia chuma, akamwamuru atengeneze deraya kamili na akadirie vyema pete zake. Aya hizo nimezisoma tangu utoto, na chuoni nilizifanyia mtihani. Wafasiri wanaeleza kipimo hicho kwamba msumari wa kuunganisha pete usiwe mwembamba ukalegea, wala usiwe mnene ukaipasua pete. Na katika Surat al-Anbiyaa tunaambiwa kwamba ufundi huo alifundishwa kwa manufaa yetu, ili utulinde katika mapigano, kisha tunaulizwa kama ni wenye kushukuru. Miaka yote nilisoma hapo habari ya chuma kulainika, nikaustaajabia muujiza. Amri ya kupima, ambayo ndiyo kazi ya binadamu katika aya ile, nilikuwa nikiipita mbio.

Jumamosi iliyofuata nikatoa udhuru kikaoni, kwa mara ya kwanza tangu nichaguliwe. Nikaazima futi kamba ya mama yake, nikamsimamisha mtoto kwenye mwimo wa mlango, nikaandika kama niandikavyo mihutasari. Kimo, futi 3 na inchi 11. Kifua, inchi 23. Mkono juu ya kiwiko, inchi 6. Nilipomzungushia futi ile kifuani nilizihisi mbavu zake moja moja chini ya vidole. Niliona alama za sindano ambazo sikumbuki zilipoingia, kwa sababu zilipoingia mimi sikuwapo. Alikuwapo mama yake. Dada yake, alipokuwa na umri huo, alikuwa amempita kwa zaidi ya kichwa kizima cha ufunguo. Mambo haya yote yalikuwa mbele yangu kila siku mezani, na sikuwa nimeyaona.

"Ongeza inchi mbili kila upande," alielekeza mama yake kutoka kwenye cherehani. "Za kupumulia."

Sasa nieleze kazi yenyewe, maana najua wako wazazi watakaoombwa jambo hili. Tulimvisha shati kuukuu, tukamzungushia tepu ya karatasi, ile ya wapaka rangi, kutoka mabegani hadi kiunoni, bila kukaza. Mtoto akachora mwenyewe kwa kalamu mistari ya vipande: kifua, bega, ubavu. Nikaikata mgongoni kwa mkasi, kwa uangalifu, akatoka ndani yake kama anayevua ngozi. Kisha tukakata kufuata mistari yake, vipande vikalala bapa mezani. Hivyo ndivyo vilivyokuwa violezo vyetu. Tulivijaribu kwanza kwa boksi jepesi, kwa sababu kosa la boksi halina gharama.

Deraya yenyewe tuliikata katika mkeka wa sponji ngumu, ile ya vipande vinavyopachikana wanayotandikiwa watoto wachanga. Dada yake mdogo alikuwa ameshaanza kutembea, mkeka umelala stoo. Magoti, viwiko na vidole tulivitengeneza kwa ndala kuukuu, maana soli ya ndala nyingi ni sponji ya jamii ile ile, ila imeshindiliwa zaidi. Gundi tulipewa kidogo kwenye kopo na fundi viatu wa njia panda, ambaye pia alinipa somo: paka pande zote mbili, usiunganishe papo hapo, ngoja takriban dakika kumi hadi ukigusa isikushike kidole, ndipo ukutanishe, na ukishakutanisha huna nafasi ya kujuta. "Ustaadhi," aliniambia, "watu wengi gundi inawashinda kwa sababu ya haraka, si kwa sababu ya gundi." Kazi ya gundi tuliifanya uani penye upepo, mtoto akikaa mbali, kwa kuwa harufu yake ni kali na haifai kifuani mwa mtu yeyote. Wembe niliushika mimi peke yangu.

Ili sponji ipinde na kubaki imepinda, inahitaji joto. Fundi simu wa jirani ana mashine ya hewa ya moto anayolegezea vioo, akatuazima jioni moja. Kipande bapa kikipata joto hulainika kama ngozi. Unakikandamiza juu ya sufuria ya duara, unakihesabia hadi thelathini, kikipoa kimekuwa bega. Mtoto alinitazama, akauliza, "Ndivyo Nabii Daud alivyofanya?" Nikamwambia kwamba yeye alilainishiwa chuma bila moto, kama walivyoeleza wafasiri, sisi tunahangaika na mashine ya kuazima. Akacheka. Sikumbuki mara ya mwisho kabla ya hapo nilipomchekesha.

Baada ya hapo tulipiga msasa kingo, tukapaka gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa na maji, mara tatu, ili sponji isiinywe rangi. Suala la rangi lilinipa mtihani mdogo. Stoo ya msikiti ilikuwa na kopo la rangi ya kijivu lililobaki tulipopaka geti, na ufunguo wa stoo ninao mimi. Mtoto alikuwa ameshasikia kutoka kwa mjomba wake kwamba deraya ya kwanza kabisa katika vitabu vile ilikuwa ya kijivu, akaona ni jambo lililokwisha. Nikamweleza kwamba rangi ile ni mali ya msikiti, hata tone lake. Alinung'unika siku mbili. Tukanunua kopo moja dogo jekundu, na ya manjano tukapewa na mchora mabango. Gharama yote haikufika shilingi 30,000.

Chini ya makwapa tuliacha wazi kabisa. Mgongoni tulitoboa matundu kumi na sita. Mabega yaliunganishwa na kifua kwa lastiki ya cherehani, ili kila pumzi iweze kuipanua deraya nzima. Kofia haikuwa na uso. Mbele iliachwa wazi, jambo lililomridhisha Shekhe kwa sababu zake, na mama yake kwa sababu zake, maana alitaka kuona rangi ya midomo ya mwanawe muda wote. Kifuani tuliweka taa ndogo ya tochi iliyoharibika mpini, nyuma ya kifuniko cheupe cha ndoo ya mafuta ya kujipaka.

Ilikuwa katika kubandika kifua, Jumamosi ya tano au ya sita, tumeshapaka gundi pande zote mbili na tunangoja, ndipo aliponiuliza.

"Baba, nani alinipa ugonjwa huu?"

Nilijua kwamba siku hiyo ingefika, na nilikuwa nimeandaa maneno kuhusu qadari, maneno ya kweli na mazuri. Lakini yeye hakuuliza kwa nini. Aliuliza nani. Nikamwambia, "Mimi na mama yako. Kila mmoja wetu alikuwa na kipande kimoja cha ugonjwa huu katika damu yake, na hakikutuumiza, na hatukujua kwamba tunacho. Wewe ulipata vyote viwili. Dada zako hawakupata vyote viwili."

Alifikiri. "Mngejua, mngefanyaje?"

Nikamjibu kwamba sijui. Nikamwambia kwamba namshukuru Mwenyezi Mungu kwa yeye kuwa mwanangu, na kwamba hilo ni kweli hata nikiamshwa saa nane za usiku. Lakini swali lake sikulijibu, na mpaka leo sijalijibu. Aligusa gundi kwa kidole. "Imekuwa tayari," akasema. Tukakutanisha pande mbili, tukazishikilia pamoja, mkono wake chini ya wangu, mpaka zikashika.

Siku ya Idi ya kuchinja, tuliporudi kutoka kuswali na kugawa nyama, aliivaa. Uzito wake haukufika kilo moja na nusu. Masharti ya mama yake yalikuwa dakika ishirini, chupa ya maji mkononi, kivulini. Watoto wa mtaa walimzunguka. Wale ambao siku zote humwacha nje ya mpira kwa kuwa huchoka, siku hiyo walipanga mstari wagusiwe taa. Dakika ya kumi na nane alivua mwenyewe, akamvisha mtoto mwingine, akaanza kumwelekeza namna ya kutembea nayo. Nilisimama mlangoni nikaona kwamba anazijua dalili za mwili wake kuliko mimi na mama yake, na kwamba hakuona haya kuzisema mbele ya wenzake.

Nisimdanganye msomaji. Deraya haikuzuia kitu. Kipupwe cha Julai, upepo wa Uluguru uliposhuka, tulirudi wodini siku nne. Dawa zake, maji yake, sweta lake na kliniki yake ya kila mwezi ndizo kinga yake, na hata hizo ni sababu tu. Kinga ni ya Allah. Kilichobadilika ni kwamba usiku wa kwanza wa Julai niliyelala kitini wodini nilikuwa mimi, na simu ya mwenyekiti niliizima.

Nikiwa katika kiti kile nililiandika jambo ambalo baadaye niliwasilisha kwenye kamati. Msikiti wetu hufungisha ndoa nyingi kwa mwaka. Sisi huuliza walii, mashahidi, mahari, eda. Niliomba tuwashauri pia wachumba, mapema kabla posa haijapelekwa, wakapime damu kwa ajili ya selimundu. Nilieleza kwamba mwenye kipande kimoja huishi na afya yake kama wengine, kwa hiyo hawezi kujua bila kupima. Na wakioana wawili wa namna hiyo, kila mimba ina uwezekano mmoja kati ya minne wa kuzaa mtoto mgonjwa. Nilieleza kwamba nchini mwetu hukadiriwa kuzaliwa takriban watoto 11,000 wenye ugonjwa huu kila mwaka. Sikuomba iwe sharti la nikahi, kwa kuwa sharia haikuliweka. Niliomba iwe nasaha.

Mzee mmoja ninayemheshimu sana alipinga. Alisema kwamba kupima ni kuishuku qadari, na kwamba aliyeandikiwa ameandikiwa. Nikamwuliza kwa adabu, "Mzee wangu, siku ya Uhud, Mtume (s.a.w.) alivaa deraya ngapi?" Alinyamaza, kwa kuwa anajua kama nijuavyo, kwamba imepokewa kuwa alivaa mbili, moja juu ya nyingine. Na hakuna aliyekuwa na tawakkul kuliko yeye. Alivaa mbili, na bado alijeruhiwa siku ile. Wala hakusema baada yake kwamba deraya haina maana.

Shekhe aliongeza jambo ambalo sikulifikiria. Alisema kwamba Sayyidna Ali (r.a.), alipotaka kumwoa Bibi Fatima (r.a.), hakuwa na mali, na Mtume (s.a.w.) akamwuliza iko wapi deraya yake, ikawa hiyo ndiyo mahari. "Basi deraya na ndoa havikuanza kukutana leo," alisema. Azimio lilipita, nami nikaliandika kwa mkono wangu mwenyewe. Mpaka leo wachumba wawili wamenijia kuuliza wapi pa kupima. Ni wawili tu. Lakini nikiwafikiria hao wawili, na watoto ambao bado hawajaumbwa, naona kikao kile kilikuwa na kazi.

Mama watoto alikuwa wa kwanza kuuliza kwa nini kamati imehitaji miaka yote hiyo kufikiria jambo ambalo yeye alilisikia kliniki tangu mtoto akiwa na miezi kumi. Swali hilo nalo sijalijibu.

Wiki iliyopita mwanangu aliitoa deraya stoo. Ametimiza miaka tisa sasa. Alijaribu kuifunga kifuani, lastiki ikavutika hadi mwisho, pande mbili zisikutane. Akainua mikono, mabega yakapanda hadi masikioni. Alikuja nayo kwangu uso umemshuka, akidhani imeharibika kwa kukaa.

Nikamsimamisha kwenye mwimo wa mlango. Nikampima kimo, nikampima tena, nikamwita mama yake aje apime yeye ambaye kazi yake ni hiyo. Futi 4 na inchi 1. Watoto wengi huongezeka inchi mbili kwa mwaka bila mtu kusimamisha kazi yake. Kwetu sisi, ambao kila mwezi daktari hutazama uzito na kimo kisha akaandika bila kusema, inchi hizo mbili zilitufanya tukae kimya wote wawili. Mama yake alisema alhamdulillah, akarudi kwenye cherehani haraka, nadhani asionwe.

"Tutafanyaje sasa?" aliuliza mtoto.

Nikamwambia avue shati lile kuukuu alete na tepu. Jumamosi hii kuna kikao. Nimeshaandika udhuru.

Wabillahi tawfiq.